Jibu: Kaunti ya Decatur, Kansas, na baharia wake

Mkuu, umeuliza kaunti ya wakulima wa ngano, isiyo na hata harufu ya bahari, ilipataje jina la baharia. Decatur iko kaskazini-magharibi mwa Kansas, mpakani na Nebraska, makao yake makuu ni Oberlin. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 2,764 tu, yaani kaunti nzima haijazi hata uwanja mdogo wa mpira.

Jina ni la Stephen Decatur, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, ila mwenyewe hakuwahi kuishi huko. Alikufa miaka mingi kabla Kansas haijawa jimbo. Sifa yake ilianzia Tripoli, Libya. Manowari ya Marekani, Philadelphia, ilikwama kwenye mwamba mwaka 1803 ikatekwa na Watripoli, waliokuwa vitani na Marekani, pamoja na mabaharia zaidi ya 300. Usiku wa tarehe 16 Februari 1804, Decatur aliingia bandarini na chombo kidogo walichokuwa wamekiteka kwa Watripoli wenyewe. Rubani wao, Msisilia aliyeijua lugha ya pale, akadai wamepoteza nanga kwenye dhoruba, wanaomba kufunga kamba ubavuni mwa ile manowari hadi asubuhi. Wakakubaliwa! Dakika chache baadaye walikuwa wameichoma Philadelphia ili adui asiitumie, na Decatur hakupoteza mtu hata mmoja.

Kilichomuua si vita. Machi 1820 alipigwa risasi na ofisa mwenzake, James Barron, kwenye pambano la bastola huko Bladensburg, Maryland, kwa sababu alipinga Barron kurudishwa kazini. Kwangu huo ni upuuzi mtupu.

Halafu angalia ramani vizuri: Iowa, Indiana, Georgia na Tennessee nako kuna kaunti za Decatur.