Riwaya ya tabianchi ya Nyanda za Juu Kusini: anzia kwenye banio

Mleta mada ameuliza mambo mawili: kwa nini hadithi nyingi za mazingira zinasomeka kama hotuba ya semina, na mtu anayetaka kuandika riwaya ya tabianchi ya huku Mbeya na Iringa aanzie wapi. Wengi mmejibu kwamba shida ni lugha kavu. Ninaona shida iko chini zaidi ya lugha. Mwandishi anajua kwamba mito inakauka, lakini hajui nani anashika ufunguo wa geti la banio, kile kizuizi kinachokatiza mto ili maji yaingie mferejini, na geti likifungwa nani analala bila maji ya kupikia. Asipolijua hilo, inabidi wahusika wahutubie, kwa sababu hawana kazi nyingine ya kufanya.

Tuanze na kalenda, maana hapo miswada mingi inakufa ukurasa wa kwanza. Huku hatuna vuli na masika. Tuna msimu mmoja wa mvua: unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, unakatika Aprili au Mei, na Rungwe na Kyela mvua huchelewa zaidi kuaga. Ukimweka mkulima wa Mbozi anapanda mahindi Machi "masika yalipoanza", msomaji wa Vwawa anafunga kitabu palepale. Na hili la msimu mmoja ndilo linalobeba uzito wa hadithi nzima. Anayeishi penye misimu miwili akikosa mmoja anangoja wa pili. Wa huku mvua ikimkatikia Januari kwa wiki tatu, mahindi yakiwa yameota kimo cha kiganja, anatafuta hela ya mbegu na mbolea mara ya pili, na ikishindikana anangoja mwaka mzima. Hiyo "mbegu ya pili" peke yake inatosha kuzaa mkopo, ugomvi wa ndugu na mtoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Hakuna haja ya mafuriko makubwa ya kumalizia sura.

Halafu punguzeni El Nino. Ile ya 1997/98 ilinyesha kupita kiasi kaskazini na pwani, ndiyo maana neno limebaki vinywani mwa watu. Kwa mvua za kusini-magharibi uhusiano wake ni dhaifu zaidi, kwa hiyo isiwe sababu ya kila janga la Rungwe.

Mahali napo pasichanganywe. Yapo maeneo ya Rungwe yanayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati bonde la Usangu, upande wa pili wa milima hiyohiyo, linapata kama 600 au 700. Makete, Njombe na Mufindi, kati ya Juni na Agosti, kuna barafu ya alfajiri. Saa moja asubuhi majani ya viazi yanaonekana yamenyunyiziwa chumvi. Ikifika saa nne, jua likishapiga, yamelegea na kuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mwandishi aliyeliona jani hilo hahitaji kuandika "baridi kali iliyoathiri uzalishaji".

Sasa banio, ambalo kwangu ndilo moyo wa riwaya yoyote ya Usangu. Banio la asili hujengwa kwa miti, mawe, matawi na viroba vya mchanga, likakatiza mto ili sehemu ya maji iingie mferejini. Linavuja, na mto ukijaa linasombwa. Kila mwaka watu wanakusanyika kulijenga upya, na wanapokusanyika ndipo wanapogombana, wanapopatana na wanapochaguana viongozi. Lakini kule kuvuja kwake kulikuwa ndiyo riziki ya watu wa chini: maji yaliyopita kwenye matawi yalikwenda kuwanywesha. Ukaja mradi wa kuboresha, banio likawa la zege lenye geti la chuma. Halisombwi tena, wala halivuji. Kiangazi mto unapopungua, banio la zege lina uwezo wa kuchukua karibu yote yaliyobaki. Kila mtu katika hadithi hiyo alikuwa na nia njema: mhandisi, mfadhili, mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji, mkulima aliyebeba mawe. Na bado wa chini amekauka. Sijui janga gani la kubuni litakalolishinda hilo kwa uzito.

Mnaouliza kwa nini geti lisifungwe tu mavuno yakiisha, jibu ni kwamba vijiji vingi vinakunywa maji ya mfereji huohuo. Mama anachota hapo, ng'ombe wanakunywa hapo, matofali yanafyatuliwa kwa maji hayo. Kwa hiyo maji mengi yanaachwa yatembee kilomita kadhaa kwenye mfereji wa udongo, yakizama na kukauka njiani, ili ndoo chache zijae mwishoni. Piga hesabu na mhusika wako: lita 1 kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku, yaani madumu 4,320 ya lita 20. Mpe msimamizi wa zamu hesabu hiyo kichwani, mpe na ufunguo mfukoni, kisha mlete binti wa jirani mlangoni kwake saa kumi na mbili asubuhi:

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Zamu yenu si kesho?"
"Ni kesho baba, ila kitalu kimeshaanza kupasuka."

Hapo hakuna aliyetamka tabianchi, lakini anayejua mpunga moyo umeshamdunda. Miche huhamishwa kutoka kitaluni ikiwa na siku 21 hivi. Ikikaa mpaka siku 35 au 40 kwa kungoja maji ya kuvuruga jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga chenye kingo, inazeeka, na hata ikihamishwa haitoi machipukizi ya kutosha. Aliyechelewa kupanda anaendelea kuhitaji maji hadi Juni, mto nao ndiyo unashuka. Saa ya hadithi inatembea yenyewe, usiku kwa usiku. Na msimfanye mkulima mjinga kwa sababu anajaza maji jarubani kupita kiasi. Maji yaliyosimama yanazuia magugu. Ukimwambia akaushe na kulowesha kwa zamu, kama kilimo shadidi kinavyotaka, unamwongezea palizi, na palizi ni vibarua wa kulipwa. Kwake, maji ni nguvukazi ya bure.

Hapa niseme kuhusu adui wa hadithi. Miswada mingi ya Usangu ina mfugaji mwenye ng'ombe elfu anayekanyaga Ihefu, ile ardhioevu ya bondeni, basi. Ni kweli Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, viboko wakabaki wamesongamana kwenye madimbwi. Ni kweli pia kwamba mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, wengi wakielekezwa Lindi. Lakini maji ya kiangazi yanapotea kwanza kwenye mabanio ya juu, kabla hayajafika Ihefu. Ihefu ni kama beseni lenye mdomo wa mwamba pale Ng'iriama. Maji yasipofika kimo cha mwamba, hayatoki kwenda hifadhini, hata kama bondeni bado kuna maji. Mwandishi akiielewa beseni hiyo, mfugaji wake ataacha kuwa jini, atakuwa mtu anayepakia ndama kwenye lori kwenda mkoa asioujua, wakati mto hauongezeki.

Kosa la pili la hapohapo ni kuunganisha geti la kiangazi moja kwa moja na giza la Dar es Salaam. Mtera, bwawa la Mto Ruaha Mkuu lenye mitambo ya megawati 80, na Kidatu chini yake yenye megawati 204, zinategemea hasa maji ya msimu wa mvua, na namna bwawa linavyotumiwa mwaka uliotangulia. Mgao wa umeme wa 2006 ulifuata mvua mbovu. Mkulima anayeiba maji Oktoba anamuumiza kiboko na mvuvi. Msimtwishe na giza la saluni ya Kariakoo.

Kwa wanaotaka hadithi ya Mbozi, tumieni ua la kahawa. Mbuni hukaa na vitumba vimelala wakati wa ukavu. Mvua nzuri ya kwanza ikinyesha, baada ya kama wiki moja au siku kumi shamba zima linakuwa jeupe na harufu inafika barabarani. Mvua ikija kwa vipande, inanyesha leo, inakaa wiki tatu, inanyesha tena, mbuni unachanua mara mbili au tatu. Mbele ya safari tawi moja linakuwa na mbivu, mbichi na zilizokaukia mtini. Mchumaji anapita mti uleule mara nne badala ya mbili, na kila raundi analipwa. Mwenye haraka anachuma zote pamoja, mbichi zinaharibu ubora wa kahawa ya maganda, bei inashuka. Mwandishi anayeliona tawi hilo ana sura nzima, kuanzia harufu mpaka mizani ya chama.

Mufindi na Njombe nitapita haraka. Kuna misindano (paina) na milingoti (mikaratusi), na kuna vinyungu, yale mashamba ya bondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Babu ana kinyungu, mjukuu aliye mjini anatuma hela ipandwe milingoti pembeni mwake, kinyungu kinakauka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, lakini ardhi ya ukoo nzima inaweza kuwa na upana wa mita 40. Moto wa Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, uwekeni hapo na si Februari. Msindano hupandwa mita 3 kwa 3, miche kama 450 kwa eka, kwa hiyo moto ukipita, mhusika anaweza kuhesabu alichopoteza, mti kwa mti, ada kwa ada.

Anayeandikia watoto achukue chura wa Kihansi. Ni mdogo, rangi ya dhahabu, hazai viluwiluwi bali vichura kamili, na dunia nzima aliishi kwenye korongo moja la Udzungwa lililoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Aligunduliwa 1996, mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, mvuke ukakatika. Wakafungiwa mabomba ya kunyunyiza ukungu wa bandia, na wengine karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini, na 2012 wakaanza kurudishwa. Msiwafundishe watoto kwamba umeme ni mbaya. Waacheni wakae na swali la mtoto anayesoma usiku kwa taa hiyo.

Mwisho, kinywa cha wahusika. Mzee wa Igurusi hasemi "mabadiliko ya tabianchi". Anasema mvua siku hizi hazieleweki, au mto umechoka. Neno la semina mpeni ofisa anayekuja na kipaza sauti, na mwonesheni jinsi watu wanavyobadilika sauti wakimjibu. Mtu wa Iringa aamkie kwa "kamwene", wa Rungwe kwa "ugonile", kisha Kiswahili kiendelee.

Mswada ukiisha, futeni kila sentensi yenye neno mazingira, tabianchi au uharibifu, kisha someni kilichobaki. Mkiona hamwelewi tena kwa nini binti yule alibisha hodi saa kumi na mbili asubuhi, rudini Mbarali, huko Usangu, mwezi Oktoba, mkae juu ya ukuta wa banio kuanzia geti linapofunguliwa mpaka linapofungwa, mkiandika nani amekuja, amebeba nini, na ameondoka na kiasi gani.