Mlichong'oa, Kirudisheni: Masuali na Majibu ya Gari Kongwe

Masuali ya safari hii ni mengi, na nusu yake yanauliza jambo moja kwa midomo tofauti: gari inachemsha. Anayeandika "gari yangu mbovu, nifanyeje?" bila kutaja aina, mwaka wala dalili asisubiri jibu. Bei za spea waulizwe wenye maduka.

*Nina Peugeot 404 ya marehemu baba. Nikitoka Chake kwenda Wete, kila kilima mshale wa joto unapanda. Fundi kang'oa thamostati, kabadilisha kifuniko cha rejeta, bado. Nitie rejeta ya lori? — Wete*

Usitie. Kwanza rudisha thamostati, ile vali ya njia ya maji inayofunguka kwa joto. Mafundi wetu wanaiona kama kizibo kilichowekwa na Wafaransa kuwaudhi watu wa nchi za joto, na jambo la kwanza wanalofanya ni kuitupa. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake upesi na kuiweka hapo. Injini inayotembea baridi haiunguzi petroli yote. Inayobaki huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika kimya kimya. Kuipima ni rahisi: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni, tia kipimajoto. Nyuzi zake za joto zimechongwa juu ya kifaa chenyewe. Ikianza kufunguka karibu na hapo na ikawa wazi yote kabla maji hayajatokota, ni nzima. Ikibaki imefumba, dawa yake ni nyengine mpya, si tundu tupu.

Sasa feni, na hapa ndipo ninapopashuku zaidi. Feni ya 404 haizunguki na mkanda wakati wote. Puli inazunguka, feni inasubiri. Ndani ya kitovu chake kuna sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto inaruhusu umeme upite kwenye kaboni ndogo inayogusa kitovu, na sumaku inaikamata feni. Kaboni ikiisha, waya ukikatika au swichi ikifa, feni inazungushwa na upepo tu. Tambarare hutaona kitu. Kilimani mwendo unapungua, upepo haupo, maji yanachemka. Hiyo ndiyo dalili uliyoieleza. Zima injini, chukua waya wenye moto kutoka betri, gusisha kwenye kaboni. Ukisikia "tak", sumaku ni nzima na ubovu uko kwenye swichi au waya. Ukikwama njiani, kwenye kitovu mna skrubu tatu za kurekebishia zenye nati. Zikaze sawasawa mpaka feni ishikane na puli, utafika nyumbani.

Jambo la mwisho ni maji yenyewe. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Chokaa inaganda ndani ya rejeta kama inavyoganda kwenye birika, na chumvi inaila silinda hedi ya alumini. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, changanya na kulanti, dawa ya rejeta, nusu kwa nusu. Rejeta ioshwe kinyumenyume: ifungue, mpira wa maji uchomekwe tundu la chini, uchafu utokee juu.

Na kabla fundi hajakwambia "tufungue hedi tuangalie gasketi": silinda za injini hii ni mikebe iliyochomekwa ndani ya bloki na kuzungukwa na maji, chini yake pana sili nyembamba. Akizungusha krenki hedi ikiwa nje bila kuibana mikebe kwa bolti na washa pana, inainuka, sili inaharibika, na maji yanaingia kwenye oili. Oili ikishageuka rangi ya chai ya maziwa, kazi imekuwa kubwa mara kumi.

*Nina milioni tatu. Ninunue gari gani ya zamani? — Fuoni*

Ile ambayo bodi yake haijaliwa. Nenda na sumaku na bisibisi. Sumaku isiposhika pana puti, bisibisi ikizama pana kutu, na injini hata usiiwashe kabla hujalala chini ya gari. Suali hili lisirudi tena.

*Nimeifunga redio mpya kwenye Morris Minor. Fyuzi imeungua, nikatia kubwa zaidi, redio ikatoa moshi. — Mlandege*

Fyuzi iliungua ili redio isiungue, nawe ukaiondoa njiani. Kutia fyuzi kubwa ni kung'oa kwa jina jengine.

Morris yako imefungwa betri kinyume na gari za leo: waya wa chanya ndio uliokwenda kwenye bodi. Kila kifaa cha kisasa kinatarajia hasi. Ukitaka redio, geuza gari nzima. Fungua betri, igeuze, badilisha vichwa vya waya kwa sababu ncha za betri hazilingani unene. Kwenye koili badilishana nyaya mbili ndogo. Kisha dinamo lazima ifundishwe upya: fungua waya wa F kwenye dinamo, chukua waya kutoka chanya ya betri, uguse kwenye F mara mbili tatu, kila mara kufumba na kufumbua jicho, utaona cheche ndogo. Ukiliruka hilo dinamo itachaji kinyume na kuunguza kontroboksi, kisanduku kinachosimamia chaji. Taa, honi na starta hazijali upande. Ukimaliza, andika kwa rangi chini ya boneti kwamba gari imegeuzwa, maana fundi atakayefuata hataamini.

*Mafuta ya breki yameadimika. Nikitia oili ya injini kidogo? — Mkoani*

La. Oili inavimbisha mipira ya masta silinda na ya magurudumu, breki zinashika zenyewe, halafu siku moja hazishiki kabisa. Kama umeshatia, mipira yote ibadilishwe na mabomba yaoshwe kwa spiriti.

*Tunabishana barazani: Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara ngapi? Mmoja anasema mara moja, mwengine mara saba. — Vikokotoni*

Nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ya 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Mbili nyengine ni za Nick Nowicki na Paddy Cliff. Huyo wa "saba" huenda amechanganya na idadi nyengine, maana mwaka 1963 na 1968 matope yalikuwa mabaya hata zikamaliza gari saba tu, na mara zote mbili ya kwanza ilikuwa 404. Haikuwa gari ya mbio kuliko zote. Ilikuwa gari isiyokatika. Mashindano hayo yalipoanza 1953 makundi yalipangwa kwa bei ya gari dukani, si kwa ukubwa wa injini, na mtu alishindana na gari aliyonunua. Wanaoniuliza namna ya kutia injini ya Subaru ndani ya 404 hilo walifikirie.

*Morris yangu hutoka siku za harusi tu. Kuna haja ya kupiga grisi? — Makunduchi*

Ipo, na yako inaihitaji kuliko ya daladala. Magurudumu ya mbele ya Morris Minor yanageuka juu ya hesi, kama bolti ndani ya nati, juu moja na chini moja kila upande. Hakuna boljointi. Ile ya chini ndiyo inayobeba uzito. Ikikauka, hesi zinasagana, chumvi ya hewa inaingia, na siku moja, aghalabu wakati wa kukata kona pole pole kuegesha, mguu unachomoka na gurudumu linalala chini ya bodi. Bibi harusi atamalizia kwa miguu.

Piga grisi kila kilomita 1,500 au kila miezi mitatu, lolote litakalotangulia. Pandisha gari kwa jeki mpaka gurudumu lining'inie. Likiwa chini grisi haiingii upande unaobeba uzito, nalo ndilo kosa la kila gereji. Futa nipo, kichuchu cha kuingizia grisi, kwanza, vinginevyo unasukuma mchanga ndani. Pampu mpaka grisi safi itoke pembeni na ile nyeusi iishe. Kisha shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza huku beringi ya gurudumu ikiwa nzima, hesi imelika na grisi haitaiponya. Spea za kulia na kushoto hazibadilishani, hivyo agiza kwa kutaja upande.

*Petroli ya siku hizi isiyo na risasi inaua vali? — Kiembesamaki*

Polepole, kwa baadhi ya injini. Risasi imekwisha kwenye petroli yetu tangu mwanzoni mwa 2006. Injini zenye hedi ya chuma cha kalibu, kama ya Morris, kiti cha vali ya eksozi kimechongwa kwenye hedi yenyewe, na bila kinga ya risasi kinaweza kulika. Pima nafasi ya vali (upenyo unaoachwa juu ya shina lake) kila kilomita 5,000; ya Morris ni milimita 0.30. Ukikuta ya eksozi imebanika kila mara unapopima, kiti kinazama: siku ya kufungua hedi tia viti vigumu. Ikiwa nafasi haibadiliki, endesha na uache kununua vichupa vya dawa.

*Land Rover yangu ni alumini, haishiki kutu. Kwa nini niioshe chini kila nikitoka pwani? — Nungwi*

Kwa sababu chesisi si alumini, wala ukuta wa mbele uliobeba usukani na milango. Vyote viwili ni chuma. Tena pale alumini inapogusana na chuma na maji ya chumvi yakawa kati yao, panakuwa na betri ndogo na alumini inakuwa unga mweupe. Angalia pembezoni mwa bolti utauona.

Kila ukitoka mchangani, siku ileile, maji baridi kwa mpira chini yote na ndani ya chesisi kupitia matundu yake. Matundu ya kutolea maji yafunguliwe kwa waya. Yakiziba, chesisi inaoza kutoka ndani huku nje imepakwa rangi inang'aa. Ikikauka, puliza oili ya gia mpya ndani ya chesisi. Oili chafu ya injini msiitumie, ina asidi na inaozesha mipira ya springi. Panapofungwa alumini na chuma, weka kipande cha mpira au rangi nzito katikati.

*Tuko vijana sita: Datsun 120Y mbili, Corolla KE30, Morris na 504. Tunataka kushindana Jumapili asubuhi, barabara ni tupu. Tunahitaji nini zaidi ya helmeti? — Konde*

Mnahitaji kiwanja. Barabara haiwi tupu Pemba. Pana baiskeli, mbuzi, mtoto anayekwenda chuoni. Tafuteni uwanja mgumu usio na mawe yaliyochomoza, mwombeni mwenyewe, sheha na polisi, kwa maandishi.

Kisha gari moja moja, kwa saa. Pangeni njia ya kama mita 300 kwa madumu matupu ya mafuta ya kupikia yenye mchanga kidogo: lango la kuingilia, nyoka wa madumu matano, mzunguko mmoja kamili, na mwisho kisanduku cha kusimama ndani yake. Malango yawe mapana kuliko gari kwa mita moja na nusu. Kona ziwe kali ili mtu asipite gia ya pili. Hapo Morris inamshinda mwenye 504 anayejua kukanyaga tu. Kila dumu lililoangushwa ni sekunde tano. Kila mtu aende mara tatu, ihesabiwe iliyo bora. Watazamaji wakae nyuma ya mstari wa kuanzia, mita 30, na asisimame mtu upande wa nje wa kona, hata mwenye kupiga picha. Mizinga miwili ya kuzimia moto, na gari ya kumpeleka mtu hospitali isiyoshindana.

Kabla ya kuanza, mmoja asiyeshindana azikague zote. Betri ifungwe kwa chuma, mpira wa baiskeli si kifungio. Kabureta iongezwe springi ya pili ya kurudisha kanyagio la mafuta, ya zamani ikikatika gari isiendelee kuvuta. Oili ifike alama ya juu kabisa bila kupita, kwa sababu kwenye kona kali inakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa. Ndivyo injini zinavyonoki uwanjani. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kila mzunguko. Tairi zisomwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2314 ni wiki ya 23 ya 2014, na hiyo haishindani hata kama kashata zake ni mpya.

Hapa tu ndipo ninaporuhusu kung'oa: jeki, tairi ya akiba, kila kinachobingirika ndani. Filta ya hewa ibaki, vumbi la uwanja ni msasa. Na sailensa ibaki, kwani mnayemwomba uwanja Jumapili hii ndiye mtakayemwomba ijayo, na nyumba yake haiko mbali.