Maswali ya wasomaji: Bunda la hati kutoka Wales

Barua tano tulizopokea zinahusu jambo moja: hati za ardhi na kumbukumbu za koo zilizomiliki mashamba makubwa nchini Wales. Tunazijibu kwa pamoja.

Wakwe zangu wamenikabidhi sanduku la bati lenye hati kumi na tisa za ngozi, zimefungwa kwa utepe. Ni za shamba ambalo ukoo uliuza zamani. Nimeanza kuzipanga kwa miaka, na nafikiria kuzilaminisha zisiharibike. Nizisome vipi? – Msomaji, Swansea

Dada, tafadhali usiendelee kuzipanga, na lamination uiache kabisa. Bunda lililofungwa na wakili lina mpangilio wenye maana. Kila hati imo humo ili kuthibitisha kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Utakuta rehani ya 1790 imekunjwa ndani ya hati ya mauzo ya 1812, kwa sababu deni lililipwa siku ya mauzo. Ukizitenganisha, uhusiano huo hautaonekana tena popote. Kwa zile ambazo bado zimefungwa, ziandikie namba kadiri unavyozitoa, kwa penseli laini ya 2B, kwenye kona ya mgongo, yaani upande wa nyuma wa hati. Kwa zile ulizokwisha kupanga, andika leo kwenye karatasi ya pembeni unachokumbuka: ipi ilikuwa juu, ipi ilikuwa ndani ya ipi.

Ngozi hiyo kwa kawaida ni ya kondoo, nayo ikipata joto hujikunja na kusinyaa. Mashine ya lamination au pasi itaiharibu kwa sekunde chache, na haitarudi ilivyokuwa. Gundi ya selotepu huacha doa la kahawia, na mpira wa kufungia hukauka ukagandia humo humo. Iache hati mezani siku kadhaa ilegee yenyewe, kisha weka vizito vidogo vilivyofungwa kitambaa kwenye kingo. Ikikataa kufunguka, usiilazimishe. Nawa mikono, ikaushe vizuri, na usivae glavu: zinapunguza hisia za vidole na kunasa kwenye kingo zilizochakaa. Muhuri wa nta uwekee kitambaa laini chini yake, wala usirundike hati nyingine juu yake.

Kusoma, anza na mgongo. Hati ilipokunjwa, upande mmoja ulibaki nje, na hapo karani aliandika tarehe, majina ya pande mbili na mara nyingi jina la shamba. Ukishayajua hayo, ndani hutapotea. Ukingo wa juu uliokatwa kwa mawimbi unatokana na desturi ya kuandika nakala mbili kwenye ngozi moja na kuzitenganisha kwa mkato wa kupinda, ili zikikutanishwa zilingane. Ndiyo maana hati huanza na neno *Indenture*, yaani hati yenye ukingo wa meno.

Maandishi hayana mkato wala nukta, lakini mwandishi alikuza maneno machache, nayo ndiyo vituo vyako. Baada ya neno la kwanza zinakuja tarehe na pande husika. Penye *Witnesseth* kuna fedha iliyotolewa na sababu yake. Penye *All that* kuna ardhi yenyewe: jina la shamba, parokia na mpangaji wa wakati huo. Penye *To have and to hold* kuna muda wa haki hiyo: miaka, maisha ya watu fulani au milele. Nakili sehemu hizo nne kwanza. Mengi ya yaliyobaki ni ahadi za kisheria zinazojirudia.

Sasa mtego unaowanasa wengi. Utakuta hati mbili za ardhi ile ile zilizopishana siku moja. Ya kwanza, fupi, inasema ardhi imepangishwa mwaka mmoja kwa shilingi 5, na kodi yake ni punje moja ya pilipili manga. Mtu huandika kwamba shamba lilikodishwa kwa bei ya bure. Sivyo! Hayo ni mauzo kamili. Sheria ya 1536 ilitaka mauzo ya aina fulani yasajiliwe, kwa hiyo mawakili wakabuni njia ya kuukwepa usajili huo: mnunuzi anapangishwa leo, kesho muuzaji anamwachia haki yake yote iliyobaki. Bei halisi imo kwenye hati ya pili, ile ndefu. Njia hii ilitawala hadi miaka ya 1840. Kwa hiyo ukiona ile fupi iko peke yake, jua kwamba mwenzake amepotea.

Katika hati za karne ya 16 naona majina yenye “ap” na “verch”, na tarehe zinazotaja mwaka wa malkia. Je, hayo ni majina ya ukoo? Na tarehe nizigeuze vipi? – Msomaji, Mombasa

Wewe wa Mombasa utaelewa upesi kuliko wengi. *Ap*, au *ab* mbele ya irabu, ni “bin”. *Ferch*, ambalo makarani waliliandika *verch* au *vch*, ni “binti”. Rhys ap Hywel ap Gruffudd ni Rhys bin Hywel bin Gruffudd, na mwanawe hataitwa Hywel bali ap Rhys. Mwanamke aliyeolewa mara nyingi alibaki na jina la babake, kwa hiyo usidhani mume na mke wenye majina tofauti hawakuoana. Baadaye majina yaligandana: ap Rhys likawa Price, ap Hywel likawa Powell, ab Owen likawa Bowen, ap Hugh likawa Pugh. Wenye ardhi waligandisha mapema. Kwa wakulima wadogo mtindo wa zamani uliendelea hadi karne ya 18 na hata baada yake.

Tarehe zihesabu kwa vidole. Mwaka wa kwanza wa Elizabeth I ulianza 17 Novemba 1558, hivyo mwaka wake wa 20 ulianza 17 Novemba 1577. Hati ya Februari ya mwaka huo wa 20 ni ya Februari 1578 kwa hesabu yetu. Kwao bado ilikuwa 1577, maana hadi 1752 mwaka mpya wa kisheria ulianza 25 Machi. Andika 1577/8, usichague mmoja. Kwa kosa hili watu huonekana wamezaliwa kabla ya wazazi wao kuoana.

Ukikutana na neno *prid*, ni rehani ya Kiwelisi. Sheria ya kimila iligawa ardhi kwa wana wote wa kiume na haikuruhusu kuiuza moja kwa moja nje ya ukoo, kwa hiyo iliwekwa rehani kwa miaka minne, kisha minne tena, mpaka ikawa sawa na kuuzwa. Sheria za 1536 na 1543 zilizoiunganisha Wales na Uingereza zilileta urithi wa kifungua mimba. Mabunda ya kipindi hicho yamejaa vihati vya vipande vidogo vidogo vya ardhi, na kwa vipande hivyo ndivyo mashamba makubwa yalivyojengwa.

Katika mkataba wa karne ya 18 mpangaji amemtaja mkewe na mtoto wa miaka minne kama sehemu ya muda. Ni kosa la karani? – Msomaji, Leeds

Si kosa. Ni upangaji wa “maisha matatu”: mkataba unadumu hadi wa mwisho kati ya watatu waliotajwa afariki. Mtoto alitajwa kwa sababu alitarajiwa kuishi muda mrefu kuliko wengine. Mmoja akifa, mpangaji aliweza kulipa ada na kuongeza jina jingine. Ofisi ya shamba iliandika pembeni ya daftari nani amekufa na nani yu hai, na kwa mtafuta nasaba huo ni utajiri. Angalia pia kodi isiyo ya fedha: kuku wawili wanono, siku ya kuvuna, kubeba makaa, na mpangaji akifa, mnyama wake bora kwenda kwa mwenye ardhi.

Babu wa mume wangu alihama kutoka shamba dogo karibu na Dolgellau. Nimetafuta jina lake kwenye orodha za maktaba bila mafanikio. – Msomaji, Minneapolis

Hutalipata kwa njia hiyo, kwa sababu nyaraka zimeorodheshwa kwa jina la mwenye ardhi, siyo la mpangaji. Anza na ramani za zaka (malipo yaliyodaiwa kwa ardhi kwa ajili ya kanisa) za miaka ya 1830 na 1840, zilizo bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth. Kila kipande kina namba, na jedwali linataja mmiliki, mkaaji na jina la shamba. Ukishampata mmiliki, tafuta nyaraka za shamba lake hapo Aberystwyth, Chuo Kikuu cha Bangor au hifadhi ya kaunti, kisha uombe madaftari ya kodi. Wosia zaidi ya 190,000 za kabla ya 1858 nazo ziko kwenye tovuti hiyo hiyo. Mahali pengine kuna mapengo: moto wa 1858 katika Wynnstay, jumba la ukoo wa Williams-Wynn, uliteketeza maandiko mengi.

Kwa nini nyaraka za Jamaica ziko Bangor? – Msomaji, London

Kwa sababu ukoo wa Pennant, wenye jumba la Penrhyn, ulimiliki mashamba ya miwa Jamaica, na karatasi za shughuli zote ziliwekwa pamoja. Humo mna orodha za watu waliofanywa watumwa, kwa majina, zikiwa pamoja na hesabu za mifugo. Utumwa ulipokomeshwa, George Hay Dawkins Pennant alilipwa fidia ya pauni 14,683, shilingi 17 na peni 2 kwa watu 764. Wao hawakulipwa kitu. Ukimtafuta mmoja wao, linganisha orodha za Bangor na daftari za usajili wa watumwa zilizoanza 1817, zilizo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, na unakili jina kama lilivyoandikwa, hata kama tahajia inabadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa.