Sungura wangu anafanana na doa la chai

SWALI: Shikamoo bibi. Wifi yangu anatarajia mtoto, nami nimekusudia kumtarizia shuka dogo lenye picha ya Peter Rabbit, kutoka kitabu tulichosomewa utotoni. Nimejaribu mara mbili kuujaza mwili wote kwa nyuzi za kahawia. Shuka linakunjamana na sungura anafanana na doa la chai. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeshindana na rangi ya maji. Beatrix Potter, aliyekiandika na kukichora kitabu hicho, alipaka manyoya kwa brashi iliyolowa, kivuli kikayeyukia ndani ya kivuli. Uzi hauyeyuki; ukiurundika mahali pamoja, unakivuta kitambaa.

Ifuate picha ile ambayo koti la Peter limetundikwa bustanini kutishia ndege. Kata koti hilo kwenye pamba ya bluu, acha ukingo wa kupinda, ulishonee juu ya shuka kwa mkono. Sungura mchore kwa mstari tu. Uzi wa kutarizi huwa na nyuzi 6 ndogo. Zitenganishe, utumie 2. Vifungo vya shaba vitarizi kwa vifundo vya uzi wa manjano. Kifungo cha kweli usikiweke, mtoto atakitia mdomoni.

Bi Potter mwenyewe alikuwa mtu wa sindano. Mwaka 1903 alimshona mwanasesere wa Peter kwa mkono wake, akamsajili rasmi. Mwaka huohuo kikatoka kitabu chake cha fundi cherehani wa Gloucester, na hicho ndicho nikipendacho kuliko vyote. Nguo zilizomo alizichora kutoka nguo halisi za karne ya 18, katika jumba la makumbusho la London linaloitwa leo Victoria and Albert. Tazama kizibao wanachoshona panya: maua yake yalitoka kwenye sindano ya fundi aliyekufa zamani, ndiyo maana yanakubali kurudi kwenye uzi. Niliyanakili kwenye foronya ya mjukuu wangu, wiki tatu, na hakuna ua lililonigomea. Ukimaliza shuka, jaribu hayo.

Ukifikiria kuuza, jina la Peter Rabbit lina wenyewe kibiashara, uliza kwanza. Kwa wifi yako shona kwa amani.

Ile pamba ya bluu iloweke usiku kucha kabla hujaikata. Ikiwa inachuja, ichujie kwenye beseni.