Nguzo iking'olewa, baskeli tuifunge wapi?

SWALI: Nina duka la vitambaa Darajani, Zanzibar. Wateja wangu wengi huja na baskeli, huzifunga kwenye nguzo za vibao vya maegesho ya magari. Nasikia maegesho yatapangwa upya na nguzo zipungue. Baskeli zitakwenda wapi? Na nikiomba nafasi moja ya gari, zitaenea ngapi?

JIBU: Ndugu yangu, nguzo ile iliwekwa kwa ajili ya gari, baskeli imedandia tu. Ndiyo maana iking'olewa hakuna anayeuliza nani mwengine alikuwa akiitumia. Chicago, Marekani, yaliwakuta hayo. Mwaka 2008 jiji liliridhia kukodisha mita zake za maegesho, yaani vile vyombo vya kulipia vilivyo juu ya nguzo, vipatavyo 36,000, kwa miaka 75. Mita ya nguzo kwa kila gari ikaondoka, ikaja mashine moja ya kulipia kwa kipande kizima cha barabara. Wenye baskeli wakakosa pa kufungia, na ikabidi baadhi ya nguzo ziachwe kwa ajili yao.

Kwa hiyo anza kuhesabu sasa. Siku tatu, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, andika nguzo ipi ina baskeli ngapi, uipeleke karatasi Manispaa kabla fundi hajaja na msumeno.

Gari lililoegeshwa sambamba na barabara huchukua kama mita 5 kwa 2. Baskeli ina urefu wa kama mita 1.8, basi ikielekezwa dukani inaenea. Omba mabomba yaliyokunjwa mfano wa U iliyopinduliwa. Kila moja hubeba baskeli mbili, huku na huku. Yakiachana mita moja yanaingia matano, yaani baskeli kumi. Lakini kipimo hicho hakimjui muuza samaki wa Darajani, tenga lake juu ya keria limetokeza pande zote mbili. Mimi ningeacha mita moja na nusu: mabomba matatu, baskeli sita. Bado ni wateja sita mahali pa gari moja linaloshinda hapo kutwa, na mara nyingi ni la mwenye duka mwenyewe, unisamehe.

Vile vyuma vya kubana gurudumu la mbele vikatae. Baskeli yenye mzigo ikilala upande, rimu inapinda, na mwizi anakuachia gurudumu anaondoka na fremu.

Mahali pazuri ni karibu na kona, pale ambapo gari halitakiwi kusimama kwa kuwa linaziba macho ya madereva. Baskeli haizibi, mradi usiisogeze hadi ukingoni kabisa. Weka kigingi kila mwisho, gari likirudi nyuma likigonge hicho.

Upande wa Mji Mkongwe usitoboe ukuta. Ni urithi wa dunia tangu 2000 na kibali ni lazima. Tena chuma ndani ya mawe na chokaa kikishika kutu huvimba, kikapasua lipu. Simika chini, bomba liwe limechovywa zinki, na kila baada ya masika litazame pale linapoingia kwenye zege. Hapo ndipo linapoanza kuliwa.