Maswali yenu kuhusu SHA: paa la bati, kidole kisichosomeka na mhudumu wa kijiji

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ichukue nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, barua zinazonifikia zimebadilika. Zamani mliniuliza kuhusu dawa. Sasa mnaniuliza kuhusu mashine zinazosimama kati yenu na dawa.

Swali: Nauza mboga sokoni Mumias. Nilipojisajili niliulizwa paa langu ni la nini, choo ni cha aina gani, taa nawashia nini. Baadaye nikaambiwa nilipe zaidi ya elfu tisa kwa mwaka. NHIF nilikuwa nalipa mia tano kwa mwezi. Paa linahusiana vipi na ugonjwa wangu?

Mama, una haki ya kulalamika. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na hati ya mshahara ndiyo shahidi. Wewe huna hati hiyo, kwa hiyo mfumo hukisia mapato yako kwa kuangalia nyumba, kisha hukutoza asilimia ileile. Kasoro iko hapo. Bati uliloezekewa na mwanao aliyeko Nairobi linahesabiwa kama vile umelinunua kwa faida ya sukumawiki. Nyumba inaonyesha mlichojaliwa miaka kumi iliyopita, haionyeshi ulichouza wiki hii.

Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, kwa hiyo wapo maskini wanaolipa chini ya zile 6,000 za NHIF. Ila wewe unatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, na kwa mtu anayehesabu faida kila jioni, huo ni mlima. Mwaka 2025 ulianzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia ada hiyo, unaopatikana kwa kupiga *147# kwenye simu. Kabla ya kuukubali, uliza utarudisha jumla ya shilingi ngapi. Na kama aliyekusajili alijaza majibu kwa haraka bila kukusomea, nenda ofisi ya SHA ya kaunti au Huduma Centre, udai yapitiwe upya mbele yako.

Jambo moja usilikose: zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipwa na serikali kupitia Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi. Huko unahitaji kuwa umesajiliwa tu, hata kama ada ya mwaka hujamaliza.

Swali: Baba mkwe wangu amechonga mawe maisha yake yote. Hospitalini mashine ilikataa vidole vyake vyote, akaambiwa arudi kesho.

Nimemwona bibi mmoja akipanguswa vidole mara saba huku akitetemeka kwa homa, na sijamsahau. Alama za vidole zilikuja kwa sababu ya maana: namba za siri zilizotumwa kwa simu zilitumiwa vibaya, hospitali zikadai malipo ya wagonjwa hewa. Lakini mwizi asitibiwe kwa kumwadhibu mzee. Mawe, jembe na sabuni ya kufulia husugua ngozi mpaka mistari inapotea.

Mwoshe mikono kwa maji ya vuguvugu, mpake mafuta kidogo, mfute, kisha mjaribu vidole vingine, sio kidole gumba pekee. Ikishindikana, mwombe msimamizi wa zamu, sio karani, athibitishe kwa kitambulisho na kuandika kwamba mashine imeshindwa. Chukua jina lake na saa. Na kama ni dharura, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura. Kidole kitasubiri.

Swali: Naishi na virusi vya UKIMWI. Naogopa faili langu kuwa kwenye kompyuta.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inahusu mifumo hiyo hiyo. Hofu yangu kubwa ni dawati ambapo wafanyakazi watano wanatumia nywila moja. Ukiona jina lako limevuja, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Swali: Mhudumu wa afya ya jamii alikuja na simu na kipimo cha presha. Alisoma 152 kwa 94, akasema niende zahanati. Yeye si daktari, nimwamini?

Ndiyo, nenda. Wahudumu zaidi ya 100,000 walipewa mikoba mwaka 2023, yenye kipimo cha presha, cha sukari na cha joto. Kazi yake ni kukuona mapema, sio kukupa jina la ugonjwa. Kipimo kimoja hakitoshi: kaa kimya dakika tano, miguu iguse sakafu, usiwe umetoka kunywa kahawa, upimwe tena siku nyingine. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, matibabu yaanze.

Na mhudumu huyo mkaribishe kiti. Wengi huzunguka nyumba nyingi kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo wakati mwingine huchelewa.