Kutuliza akili baada ya upasuaji wa ligamenti ya goti

Ndugu, umeuliza kama mazoezi ya kutuliza akili yatakufaa, maana ni wiki ya 3 tangu upasuaji na bado unaogopa kukunja goti. Yanasaidia kwa hofu na maumivu. Ligamenti yenyewe, yaani ule utepe imara unaoshikanisha mifupa ya goti, hayaiharakishi kupona.

Fanya dakika 5 kabla ya mazoezi uliyopewa na mtu wa fiziotherapia. Lala chali, kisigino juu ya taulo lililokunjwa. Usiweke mto chini ya goti hata kama unapata raha: goti huzoea kukaa limepinda, na kulinyoosha tena ni kazi kwelikweli. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Kisha peleka fikra kwenye msuli wa mbele wa paja, ukaze sekunde 5, legeza, mara 10. Uvimbe wa goti huufanya msuli huo ugome, kwa hiyo uwekee kiganja usikie kama unakaza kweli. Wengi hukaza matako tu.

Maumivu yakija, yatambue: yanachoma, yanavuta au yanabana? Yape alama 0 hadi 10. Yakiwa 3 au 4, endelea. Yakizidi, au goti likiamka limevimba, punguza. Honi za boda nje si tatizo, zisikie zipite.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, homa ikipanda au kifua kikibana, usikae nyumbani kuhesabu pumzi. Nenda hospitali mara moja.